Shangazi, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, ni fundi cherehani hapa Malindi. Nimelelewa na babu anayetambikia koma, yaani mizimu ya wazee wetu, na kanisani sijawahi kuingia. Siku hizi moyo wanivuta nimjue Yesu, ila naogopa kuonekana mgeni. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Soma moja kila jioni ukishafunika cherehani. Mimi niliisoma hivyo kwa taa ya chemli, penseli mkononi, na kila nisipoelewa natia alama ya kuuliza pembeni. Sura ya 4 pekee nilitia tatu. Alama hizo ndizo nilizompelekea katekista, mwalimu wa dini kanisani, akanijibu moja moja bila kunicheka.

Jumapili keti benchi la nyuma. Wakisimama, simama, wimbo usioujua, usikilize. Wakienda kukomunika, yaani kupokea mkate mtakatifu, wewe baki umeketi, hakuna atakayekushangaa. Kwa Wakatoliki mafundisho ya watu wazima huchukua miezi mingi, na ubatizo kwa kawaida huwa mkesha wa Pasaka. Anayekuharakisha, au anayetaka pesa kwanza, muepuke kabisa!

Ukitaka utulivu, nenda kile kikanisa cha Wareno cha makuti karibu na bahari. Mmisionari Fransisko Xavier alipita mji wetu huu mwaka 1542 akienda Uhindi.

Na babu? Mwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa jirani. Mpelekee tumbaku yake, keti naye mkekani, umsikilize kwanza yeye.