Fungu la timu litengwe, ila timu waianzishe wanafunzi

Wiki hii mmeuliza: je, vyuo vikuu vitenge fungu kwa ajili ya timu za soka? Mimi naanzia nyuma kidogo: timu yenyewe huanzishwa na nani? Maana nikisikia mtu anasema timu ya chuo haisimami bila utawala, damu inanichemka.

Hao Wamarekani tunaowasifia kwa michezo ya vyuo walianza mikono mitupu. Novemba 6, 1869, wanafunzi wa chuo cha Rutgers waliwakaribisha wenzao wa Princeton mjini New Brunswick: 25 kwa 25, mpira wa duara, kuubeba marufuku. Walivua makoti wakaingia uwanjani. Rutgers wakashinda 6-4, wiki iliyofuata wakaenda kupigwa 8-0 ugenini. Mambo yote ya wanafunzi wenyewe.

Chuoni kwetu (sikitaji, wahusika wapo) tulianza hivyohivyo, vijana wa UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, tuliokutana hosteli. Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, lilipotoka tukachangishana mpira. Jezi tuliazima kwa timu ya ndondo ya mtaani, zikaja na jasho la Jumapili, namba 8 zikiwa tatu na ya kipa haipo. Kipa akavaa sweta la zambarau la dada mmoja wa Ualimu, mikono ikamwishia kwenye viwiko. Refa akagoma: akiita namba nane wanageuka watatu! Jamaa wa Sheria akaleta plasta nyeupe, akabandika kipande mbele ya 8 moja ikawa 18, na nyuma ya nyingine ikawa 81. Mvua ikanyesha, plasta zikabanduka, na 81 akalimwa kadi nyekundu kwa rafu ya 18. Tulibishana mpaka magharibi. Matokeo hata siyakumbuki.

Raha ile hakuna ofisi ingetupa. Lakini muhula uliofuata beki wetu wa kushoto alivunjika mguu. Tulimpakia kwenye bajaji, tukachangishana tena, safari hii ya hospitali, kwa sababu tuliambiwa timu haitambuliki. Hata huko Marekani, mchezo ulipokwisha kugeuka wa kubeba mpira na kuangushana, ni vifo vya wachezaji mwaka 1905 vilivyowafanya wakubwa wa vyuo wakae kitako na kubadili sheria.

Kwa hiyo ndiyo, fungu litengwe, lakini liwe la bima, matibabu na usafiri. Kocha na jezi waachiwe wanafunzi, walau mwanzoni. Na chuo ambacho watu bado wanasikiliza mhadhara wakiwa wamesimama, kinunue viti kwanza.