Waulize Mafundi: Trekta Linagonga, Nifungue Injini?

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina Massey Ferguson 240 la zamani, injini ya Perkins ya silinda tatu. Asubuhi halina neno, lakini likishalima nusu saa linaanza kugonga ko-ko-ko, na plau likizama mlio unazidi. Fundi wa hapa anasema tufanye ovahoo, yaani tuifungue injini yote. Nikubali?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Usikubali bado. Huyo fundi hajakuambia ni silinda ipi inayogonga, na hilo linajulikana bila kufungua injini.

Kama mlio ulianza mara tu ulipojaza tangi, shuku dizeli iliyochakachuliwa. Mwaga, weka safi, toa upepo, kisha usikilize tena.

Mlio ukiendelea, pasha injini moto uiache sailensa (izunguke polepole bila kuongezewa mafuta). Zungushia kitambaa nati ya bomba la dizeli pale linapoingia kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, uilegeze nusu mzunguko tu. Mkono usikae mbele yake: dizeli ya pampu hutoboa ngozi, na hata kitundu cha sindano ni cha kukimbizwa hospitali. Silinda ikikosa dizeli, injini itatetereka. Hiyo ni kawaida. Sikiliza ule mlio wa kugonga. Haukubadilika? Kaza, nenda ya pili, halafu ya tatu. Mlio ukinywea, mgonjwa umempata.

Sasa zima injini, hamisha nozeli ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine. Weka washa mpya za shaba, kwani za zamani zikivujisha mgandamizo utapata mlio mwingine wa chuf-chuf ukuchanganye. Mlio wa kugonga ukihama na nozeli, peleka nozeli ikapimwe, ovahoo isahau. Ukibaki palepale, shida iko chini: metali (beringi bapa) za konrodi, pini ya pistoni au pistoni yenyewe.

Hapo tazama geji ya oili. Injini hii ikiwa moto na ikizunguka kwa kasi inatakiwa kati ya psi 30 na 60. Metali zilizolika huacha nafasi, oili moto ni nyepesi, inapita bila kujenga presha. Ndiyo maana asubuhi husikii kitu. Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe, kata filta, tandaza karatasi yake juani. Vimeta-meta vya rangi ya shaba visivyoshikwa na sumaku ya spika ya redio ni metali zimekwisha hadi tabaka la ndani. Ukiona hivyo usilime hata mtaro mmoja zaidi. Metali ni bei ndogo, krenki (shafti kuu ya injini) si bei ndogo.

Na kama ni tiki-tiki nyembamba ya juu, hizo ni tapeti, vipande vinavyosukuma valvu. Injini ikiwa baridi, zungusha mpaka valvu ya hewa ifunge, ongeza karibu nusu mzunguko, rekebisha zote mbili za silinda hiyo kwa fila geji (kibamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.30. Usizibane sana ili zinyamaze: valvu isiyofunga huungua.

SWALI: Langu linanguruma nyuma, si injini. Nikikanyaga klachi mngurumo unakoma. Ni beringi ya klachi?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Beringi ya klachi hufanya kinyume: inalia unapokanyaga. Wako unakoma, basi tazama nyuma yake. Kama klachi ni ya hatua mbili, kanyaga taratibu. Ukikoma katikati ya pedali, ni beringi ya shafti inayoingia giaboksi. Ukikoma pedali ikifika chini kabisa, ni upande wa PTO (shafti ya kuendesha mashine za nyuma) na pampu ya haidroliki. Pampu hulia zaidi unaponyanyua plau.

Kabla ya kununua chochote, chomoa kijiti cha oili ya nyuma. Kwenye Massey hizi oili moja hutumikia giaboksi, difu na haidroliki, kwa hiyo ikipungua vyote vinalalamika pamoja. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mlango ni kile kimpira kilichochanika chini ya mkono wa gia, trekta likiachwa mvuani. Mwaga yote, safisha chujio la pampu, weka mpya, badilisha kimpira.

SWALI: Linapiga mluzi likiwashwa, kisha linanyamaza.
Msomaji, Kilosa

JIBU: Feni beliti. Ibonyeze kwa gumba katikati. Ikizama zaidi ya milimita 10 hivi, kaza. Injini ikiwa imezimwa, tikisa feni mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya wota pampu inakwenda, na kukaza beliti kutaimaliza upesi zaidi.