Uyoga mdogo unaotoa utomvu mwekundu: ni upi kati ya hii miwili?

Kutoa utomvu mwekundu shina linapovunjwa hakutoshi kuamua kama uyoga uliouona katika msitu wa Uingereza ni Mycena haematopus au Mycena sanguinolenta, kwa kuwa aina zote mbili hufanya hivyo. Tazama kwanza ulikoota: haematopus huota kwenye magogo na visiki vinavyooza, mara nyingi kwa vishada, ilhali sanguinolenta hutawanyika mmoja mmoja kwenye majani yaliyoanguka, yakiwemo ya misonobari. Hata hivyo, kijiti kilichofukiwa chini ya majani kinaweza kukupotosha, kwa hiyo geuza kofia na uichunguze kwa lenzi: katika sanguinolenta, kingo za vile vipande vyembamba vilivyopangana chini yake zina mstari mwekundu uliokoza, kana kwamba zimepitishiwa wino, wakati katika haematopus kingo hizo kwa kawaida hufanana rangi na vipande vyenyewe. Ukubwa mimi siutegemei sana, maana ingawa kofia ya haematopus inaweza kufika sentimita 4, ikiwa bado changa huwa ndogo kama ya mwenzake. Afadhali vijimeno vinavyoning'inia ukingoni mwa kofia, ambavyo huelekeza kwa haematopus.