Jibu: Kupanda Irente na watoto wadogo

Dada, umeuliza kama mtoto wa miaka 4 na mwenzake wa 7 wataiweza njia ya kutoka Lushoto mjini hadi kwenye jabali la Irente, na kipi cha kuogopa. Wataiweza, ila mwende mwendo wao.

Kule kwenye jabali kila mzazi humshika mwanawe mkono bila kuambiwa, maana shimo analiona. Mimi nahofia zaidi visivyoonekana. Cha kwanza upupu. Kiangazi maganda yake hukauka yakawa na manyoya laini ya kahawia, na mtoto huvutiwa kuyashika. Mwanangu alichuma moja akalia hadi jioni. Ikitokea, asikune wala asiguse macho. Mvue nguo, bandika selotepu kwenye ngozi na kuibandua ili ing'oe vinyweleo, kisha mwoshe kwa sabuni.

Cha pili kifutu, nyoka mwenye sumu. Rangi yake ni ya majani makavu, na ukimkaribia mara nyingi hakimbii, hutulia tu palepale. Kwa hiyo mtu mzima atangulie, viatu vifunike mguu, na asikae mtu kwenye gogo kabla halijakaguliwa. Akiuma, tafadhali msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mtoto abebwe, mguu utulie, mkimbilie hospitali.

Mvua ikiwa imenyesha, angalieni siafu njiani kabla ya kusimama kupumzika. Na sweta msisahau, hasa Juni na Julai; ninyi wa Tanga mjini baridi ya Lushoto hamjaizoea.