Ufunguo wa kale umepotea? Kishushe kitasa

Mpangaji wetu wa mwisho pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, alihama vizuri. Sakafu aliidekia, umeme aliulipa, mlango wa juu akauacha wazi. Ufunguo akasafiri nao. Nilipompigia simu alikuwa keshafika kwao, na hakumbuki aliutia mfuko gani.

Ule si ufunguo wa kwenda kuchongesha Darajani kwa dakika tano. Kitasa chenyewe kilikuwepo kabla mama yangu hajazaliwa: kisanduku cha chuma kilichobandikwa upande wa ndani wa mlango wa msaji, kimepakwa rangi pamoja na mlango kila ilipokaribia Idi mpaka skrubu zake zikawa hazionekani. Ufunguo wake ulijaa kiganja: pete kichwani, shina la duara, na ubapa wa meno mwishoni.

Nilizunguka siku tatu na picha kwenye simu. Fundi wa kwanza aliniambia nimpelekee ufunguo wenyewe ndipo aunakili. Ningekuwa nao ningemfuata yeye kutafuta nini? Wa pili alinikodisha shada la funguo kuukuu, nikajaribu mmoja mmoja mpaka kidole kikafanya lengelenge. Wa tatu alitaka atoboe mlango atie kitasa cha kisasa, saa moja kazi imekwisha. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na milango ya nyumba hizi haichezewi bila kupita kwanza kwenye Mamlaka ya Hifadhi. Lakini hata ingeruhusiwa, kutoboa ubao wa msaji wa umri ule kwa sababu ya ufunguo ni sawa na kung'oa jino kwa sababu ya mswaki kupotea.

Aliyenizindua ni mzee mmoja fundi chuma, kule Ng'ambo. Picha hata hakuitazama.

"Mwanangu, mimi ufunguo sina haja nao. Niletee kitasa. Ufunguo wako umo humo humo."

Na kweli umo. Ukifungua mfuniko wa kitasa cha namna ile utakuta vipande vyembamba vya shaba vimepangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na springi yake. Mafundi wengine huviita leva. Kila leva ina tundu lenye mlango mwembamba, na ulimi wa kitasa una kijiti kinachotakiwa kipite kwenye milango hiyo yote kwa pamoja. Kazi ya meno ya ufunguo ni kuinua kila leva kwa kiasi chake. Ukiiinua kidogo, kijiti hakipiti. Ukiiinua kupita kiasi, hakipiti vilevile. Mwingereza Robert Barron ndiye aliyepewa hataza ya ubunifu huo mwaka 1778, na vitasa vingi vya kizamani vilivyofika pwani yetu ni wajukuu wake. Kwa hiyo fundi mwenye subira anaweza kusoma urefu wa kila jino kwa kuzitazama leva tu.

Basi kama yamekukuta haya, anza kwa kujaribu funguo za vyumba vingine vya nyumba hiyo hiyo. Vitasa vyepesi vya vyumba vya ndani mara nyingi hufunguliwa na ufunguo mmoja. Usitumie nguvu, ufunguo ukivunjikia ndani umejitia kazi mbili.

Ukishindwa, kishushe. Changu kilishikwa na skrubu nne. Kwangua rangi kwenye mfuo wa kila skrubu kwa ncha ya msumari, chagua bisibisi inayojaa mfuo wote, igonge kwa nyundo taratibu, kisha ndipo uzungushe. Mimi moja niliiharibu kichwa kwa haraka zangu, na kuitoa ile moja kulichukua muda kuliko zile tatu. Kabla hujaondoka pima unene wa mlango na umwandikie fundi. Kitasa cha kubandikwa kiko ndani, na ufunguo ukitoka nje lazima shina lipite ubao mzima. Nusura tutengeneze ufunguo mzuri usiofika. Na wakati kitasa kiko kwa fundi, mlango unalindwa na nini? Mimi nilirudi kwenye mnyororo na tumbuu za zamani, nikatia kufuli.

Mfuniko asiufungue mwingine isipokuwa fundi, na mwombe apige picha kabla hajagusa kitu. Zile springi huruka, na ikipotea moja imekuwa safari nyingine.

Mzee wangu alitoa kopo la funguo za kale zisizo na mwenyewe, akatafuta wenye shina linaloingia tunduni bila kulegea na ubapa mpana wa kutosha kuchongwa upya. Aliutaka wa shina zima, si lile lenye tundu mbele kama bomba, kwa sababu lenye tundu ni la kitasa cha kufunguliwa upande mmoja tu, kama cha kabati. Cha mlango hufunguliwa ndani na nje, ndiyo maana pia meno yake hulingana kutoka katikati kwenda pande zote mbili. Akaupitisha juu ya mshumaa ukafanya masizi, akautia, akauzungusha kidogo, akautoa. Palipofutika masizi ndipo panapogusa. Akapitisha tupa mara mbili tatu, akarudi kwenye mshumaa. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Nilipomhimiza alinijibu kwamba tupa ikishakula chuma haitapiki.

Alinitoza shilingi elfu thelathini, na elfu kumi na tano kwa wa pili. Huo wa pili uagize papo hapo kitasa kikiwa wazi, maana hutotamani kukishusha tena. Wangu uko kwa shangazi, Jang'ombe. Picha ya ufunguo usiitie mtandaoni hata kama umependeza: mzee kama huyu anaweza kuuchonga kwa kuutazama.

Jambo moja alilonigombeza nalo: mafuta ya nazi. Bibi yangu alikuwa akiyamimina kwenye kitasa kila kikiwa kizito, na miaka ya vumbi na chumvi ya bahari iliyageuza ulimbo mweusi uliozigandisha leva mbili. Akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazikausha, kisha akakwangua risasi ya penseli na kuupuliza unga wake ndani. Tangu hapo nafanya hivyo mara moja kwa mwaka, kabla ya masika.