Ule mkeka kiunoni si umaskini

Ndugu uliyeuliza kwa nini Watonga wa kule Pasifiki hujifunga mkeka uliochakaa kiunoni, na kama ni dalili ya umaskini: hapana, ni heshima. Unaitwa taʻovala. Wanawake huusuka kwa majani ya mkadi, kisha hukazwa kiunoni kwa kamba, mara nyingi ya makumbi ya nazi. Kwenda kanisani au kwenye shughuli rasmi bila kuufunga ni kama kutoka nyumbani hujavaa ukakamilika.

Tena mkeka mkuukuu, wenye pindo zilizochanika, unaweza kuthaminiwa kuliko mpya, maana umerithiwa kwa bibi na mababu.

Msibani ndiko utaona mengi. Walio chini ya marehemu kwa cheo cha ukoo hujifunga mikeka mikubwa, ya kukwaruza, mingine inafika hadi kichwani. Walio juu yake huvaa laini. Na huko Tonga, dada ana cheo kikubwa kuliko kaka yake, kwa hiyo shangazi, wanamwita mehekitanga, ndiye mwenye heshima kubwa kabisa kwa watoto wa kaka. Mimi hilo la shangazi hunigusa sana.