Droni ya Gramu 21: Nilichopunguza na Nilichojuta Kukata

Ukitaka kupunguza uzito wa droni ndogo, kabla hujashika bisibisi, tafuta mizani. Mimi niliazima ile ndogo ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na siku ya kwanza tu iliniumbua. Wiki nzima nilikuwa nikiumiza kichwa juu ya skrubu, kumbe droni yangu ya milimita 65 (kipimo cha kutoka mota hadi mota, kona kwa kona) ilikuwa na gramu 21 bila betri, na betri ya mAh 450 (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba) niliyokuwa naibebesha ilikuwa na gramu 12. Zaidi ya theluthi ya mzigo wote ni betri!

Nikarudi kwenye betri ya mAh 300, gramu 8. Gramu nne zimeondoka bila kukata kitu. Muda wa kuruka ulipungua, lakini si kwa kiasi nilichohofia, kwa sababu mota hazikuwa zikihangaika kuinua betri yenyewe.

Suala hili la uzito nililisikia zaidi nilipohama Mombasa kuja Nairobi. Huku tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Pwani, na propela hazina cha kukamata. Droni ileile ikawa inadidimia kwenye kona. Nilidhani mota zimechoka, nikanunua mpya. Hela ya bure.

Kilichonisaidia kweli ni plagi ya betri. Yangu ilikuja na aina ya PH2.0, yenye pini nyembamba. Ukivuta gesi (yaani kuongeza nguvu ya mota), volti zinaporomoka na droni inalegea hata kama betri ina chaji. Nililehemu plagi ya aina nyingine, BT2.0, nikafupisha na nyaya papo hapo. Kwenye mizani tofauti haikuonekana sana, ila nguvu ilibaki ileile karibu hadi mwisho wa betri. Kumbuka tu betri zako zote lazima ziwe na plagi hiyohiyo.

Sasa majuto. Nilikata zile pete zinazozunguka propela, nikijiona fundi. Pigo la kwanza la ukutani, plastiki ikapinda, propela ikaanza kujikwaruza. Fremu ikaenda. Halafu nikafupisha antena ya video. Ile ncha iliyovuliwa ganda, milimita 13 hivi, imepimwa kwa robo ya wimbi la gigahezi 5.8. Nikaikata, mizani haikutikisika, na picha kwenye miwani ninayotazamia video ya droni ikawa chenga nilipoingia tu jikoni. Na usijaribu kuwasha bila antena kabisa, utaunguza kirusha picha.

Skrubu? Toa moja kwenye kila mota ukipenda, mbili zinazobaki zinashika. Kwangu zote nne hazikufika nusu gramu.

Pia ng'oa propela utazame chini yake. Nyumba yenye zulia na mabinti wawili, nilikuta nywele zimejisokota kwenye ekseli ya mota tatu.

Ikishakuwa nyepesi, itakusumbua upande mwingine: ukiachia gesi haishuki, inaelea kama karatasi. Kwenye Betaflight, programu ya kurekebisha droni, punguza kidogo kasi ya mota gesi ikiwa sifuri, hatua ndogo ndogo, kwa sababu ukizidisha mota inazima angani. Ikianza kutetemeka, teremsha P, namba inayoamua droni ijirekebishe kwa ukali kiasi gani. Mimi nilijaribu juu ya kitanda.